Tofaa la Manjano la Bibi Zeinep

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamshat aliwapa kuku pumba, akachota maji, kisha akasimama kidogo mlangoni palipotundikwa koti la baba yake. Aliingiza pua mfukoni. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya matofaa huko juu mlimani, na kila vuli alirudi na Aporti mfukoni, matofaa makubwa mekundu yanayojaza viganja viwili. Tangu gari lake lilipoteleza kwenye barafu asirudi tena, koti lilibaki na harufu tu.

Theluji ilipoyeyuka, Bibi Zeinep alimwita.

"Nenda sokoni ukaniletee mche. Ule wa matofaa ya manjano, laini, unaozaa mwaka wa tatu. Nina meno matatu, mjukuu wangu, na moja ni la kutabasamia."

Sokoni, Kamshat aliuona mche wa Aporti, akaukumbatia.

"Huyo mvivu, binti," muuza miche alimwonya. "Atakula mbolea yenu miaka minane bure."

"Nipe huyu huyu."

Nyumbani alisema, "Bibi, nimeleta wa manjano."

Bibi aliupanda kwa mikono yake. Tangu siku hiyo alijikongoja na fimbo kila jioni kwenda kuumwagilia. "Wewe mwari, harakisha," aliutania. "Usiniache niondoke na hamu." Kamshat alimsikia kutoka dirishani, akaisukuma chai yake kando.

Mwaka ukapita hivyo. Majani mapya yalipochipua, Bibi, ambaye sasa alipumua kwa shida, aliugusa mche akacheka. "Mwakani tutakula, eh?"

Kamshat akaangua kilio. "Si wa manjano, Bibi. Ni Aporti. Nilitaka harufu ya baba."

Bibi alijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Na mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Ungeniambia tu, tungelia pamoja, tukapanda miwili. Haya, kalete kisu. Mwombe jirani kijiti cha mtofaa wake wa manjano, tukipandikize kwenye huu."

Jirani, Mzee Tursyn, alikuja nacho mwenyewe. "Zeinep, leo unamvika ng'ombe pembe za mbuzi?"

"Kata hapo, mzee, punguza maneno."

Wakapasua tawi moja la Aporti, wakachomeka kijiti, wakafunga kwa utepe wa nguo. Kikashika.

Lakini mwaka wa tatu tawi lile lilitoa majani matupu. Baridi ilipoingia, Bibi alifariki. Kiangazi kilichofuata, tawi likazaa matofaa manne ya manjano.

Ijumaa moja Mama alikaanga mikate saba ya kuwakumbuka marehemu. Kamshat aliingia na matofaa, akayaweka mezani.

"Mama, ningesema kweli siku ile ile, Bibi angekula mwaka jana."

Mama aligeuza mkate kwenye mafuta. Hakumdanganya.

"Angekula," alisema. "Alikusamehe hata kabla kijiti hakijashika, usisahau hilo. Lakini msamaha haurudishi mwaka, mwanangu. Ukweli uupande mapema kama mche, ili unayempenda awahi matunda yake."

Kamshat akaweka tofaa moja juu ya mikate, akaifunika kwa kitambaa, akampelekea Mzee Tursyn ingali moto.