Mguu Huku, Mguu Huku

Tusekile alikaa kwa Bibi, kwenye mlima wa chai na migomba. Huko mvua hunyesha, hupumzika kidogo, kisha hunyesha tena.

Nyuma ya nyumba kulipita kijito. Chwi-chwi-chwi, kilisema, mchana na usiku.

Tusekile alitaka kujua kijito kinaanzia wapi. Bibi akamwambia kinaanzia juu.

Juu wapi? Juu huko. Bibi alichota maji yake tangu akiwa msichana, lakini hakuwahi kupanda kutazama kinapoanzia. Aliambiwa huko si kwa wasichana.

"Nani alisema?" Tusekile akauliza.

Bibi akafikiri. Hakukumbuka.

Siku moja Shangazi Subilaga akaja na pikipiki mpya. Ilikuwa nyekundu, ndefu, yenye matairi ya meno makubwa.

Puru-puru-puru.

Shangazi alisema pikipiki hii haipendi lami. Inapenda mawe, tope, na vinjia ambavyo hakuna ajuaye vinaishia wapi. Kesho wangefuata kijito mpaka kinapoanzia.

Tusekile alirukaruka mpaka kuku wakakimbia.

Bibi alikubali. Lakini alikuwa na neno moja.

"Mtoto wa kike hukaa upande."

Basi asubuhi Tusekile akavaa gauni na helmeti. Akakaa upande, miguu yote pamoja, kama mkungu wa ndizi unaopelekwa sokoni.

Puru-puru-puru. Shangazi aliendesha polepole, polepole kama mbuzi aliyeshiba.

Wakapita banda la ng'ombe. Wakafika kwenye shimo dogo, dogo kabisa.

Puu!

Tusekile alikuwa ameketi kwenye tope. Hakuumia. Ni gauni tu lililoumia.

Bibi akaja mbio, akasema sasa imetosha. Kama kukaa upande kumemshinda, abaki nyumbani.

Abaki nyumbani? Na kijito je?

Tusekile hakulia. Alisimama, tope likimchuruzika, akamtazama Bibi kuanzia chini kwenda juu.

"Bibi, ukienda kuchuma chai unavaa nini ndani ya kitenge?"

Bibi akajibu kwamba anavaa suruali. Kuna baridi kule, na majani yana umande.

"Shambani suruali ni sawa. Kwa nini kwenye pikipiki si sawa?"

Bibi akatazama chini, na suruali yake ikamchungulia kutoka chini ya kitenge.

Shangazi Subilaga alijifanya anafuta kioo cha pikipiki.

"Nenda ukavae suruali," Bibi akasema. "Na ukirudi na tope, utafua mwenyewe."

Tusekile akavaa suruali. Akapanda. Shangazi akamfunga mgongoni kwake kwa khanga, fundo kubwa kiunoni.

Mguu huku, mguu huku.
Shika sana, twende huku!

Puru-puru-puru.

Kwenye kona palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Madereva wakacheka. Mmoja, kaka Ambakisye, akauliza kwa sauti kubwa.

"Wewe mtoto wa kike, hiyo miguu vipi?"

"Ni yangu," Tusekile akasema. "Yote miwili."

Wenzake wakamcheka Ambakisye mpaka akajifanya anapiga simu.

Mguu huku, mguu huku.
Shika sana, twende huku!

Wakapita mashamba ya chai. Wakapita mianzi iliyoinama, shaa-shaa-shaa, ikiwagusa helmeti.

Njia ikawa nyembamba. Kijito nacho kikawa chembamba.

Kisha likaja tope. Tope jeusi, zito kama uji wa sherehe.

Vrrrr! Tairi likazunguka. Pikipiki haikwenda.

Shangazi akauliza kama warudi. Tusekile akaona kona iliyo mbele, na akasikia chwi-chwi-chwi ikimwita nyuma ya kona hiyo.

"Hatujafika," akasema.

Akafungua khanga, akashuka. Wakakata matawi makavu, wakayatandika chini ya tairi. Shangazi akavuta mafuta taratibu, pikipiki ikatoka. Tusekile akapiga makofi yenye tope.

Wakaipita ile kona.

Na hapo, chini ya mzizi wa mti mkubwa, maji yalitoka ardhini. Bwi. Bwi. Bwi. Kisima chenyewe kilikuwa kidogo kama sufuria ya ugali.

Kijito chote kilianzia hapo.

Kilikuwa chembamba sana. Tusekile akasimama juu yake, mguu ukingo huu, mguu ukingo ule. Maji yakapita katikati.

"Mguu huku, mguu huku," akanong'ona.

Waliporudi, Tusekile alimsimulia Bibi kila kitu. Alipofika kwenye kisima kidogo kama sufuria, Bibi aliacha kumenya ndizi.

Maji aliyoyachota miaka yote hiyo. Kumbe ni hapo tu, nyuma ya mianzi.

Bibi akainuka. Akanawa mikono. Akavaa mabuti yake ya shamba, akakaza kitenge juu ya suruali.

"Subilaga," akasema, "hiyo pikipiki ina mafuta?"

Ilikuwa nayo.

Nafasi nyuma ilikuwa moja. Tusekile akavua helmeti yake, akaulegeza mkanda, akaona haitatosha, akamletea Bibi ile ya akiba. Akashika khanga tayari kumfunga kwa Shangazi.

Bibi akaanza kukaa upande.

"Bibi," Tusekile akasema.

"Haya, haya."

Mguu huku, mguu huku.
Shika sana, nenda huku!

Pale kijiweni Ambakisye alimwona Bibi akipita, magoti nje nje, kitenge kikipepea. Akainuka upesi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bibi akajibu, na tayari alikuwa ameshapita.

Alirudi jua likizama, ana tope mpaka magotini. Akafua mwenyewe.

Usiku Tusekile na Bibi wakajilaza kitanda kimoja. Mvua ilikuwa inaanza tena. Nyuma ya nyumba kijito kilisema chwi-chwi-chwi.

Bibi akasema na yeye alisimama pale. Ukingo huu, na ukingo ule.

Kisha akasogea ukutani. "Mjukuu wangu, miguu yako imejaa kitanda kizima. Lala upande."

"Bibi."

Bibi akacheka gizani. "Haya. Lala unavyotaka."

Tusekile akalala.

Mguu huku.

Mguu huku.