Asubuhi Mbili Zisizopimwa

"Kaka, hizi si kilo mbili. Mikono yangu hubeba watu kutwa nzima, haiwezi kudanganywa na machungwa."

"Dada, mizani haina mdomo wa kusema uongo," muuza machungwa alijibu.

"Haina mdomo, ila ina mwenyewe!"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Soko lilikuwa limefurika, mabega yakigongana na vikapu, na msichana mwenye gauni la manjano na mkanda mweupe alisimama katikati ya msongamano ule bila kuyumba. Chini ya meza ya jirani, mwanamume aliyekuwa amepiga magoti alinyanyuka, akapangusa grisi vidoleni. Shati lake la kijivu lilikuwa limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko. Kisandukuni mwake mawe ya kupimia ya shaba yalipangwa kwa kimo, kama ndugu wanaosubiri kupigwa picha.

"Mimi ni fundi mizani," alisema. "Niruhusuni niwaamue."

Akaweka jiwe lake la kilo mbili juu ya mizani ya muuzaji. Mshale ukapita mbili, ukatua kwenye mbili na robo.

"Ana haki," fundi akasema. "Kila kilo mbili unazouza, robo inabaki kwako."

Muuzaji aliongeza machungwa matatu huku akinung'unika. Fundi akamgeukia msichana.

"Mikono hiyo imesomea wapi?"

"Wodi ya wagonjwa wa moyo. Mimi ni muuguzi. Huko wananiita Sista Dakika."

"Dakika ya nini?"

"Wengine huhesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika, kisha wakazidisha mara mbili. Mimi huhesabu dakika nzima. Moyo mgonjwa unaweza kutulia nusu ya kwanza, halafu ukakuchezea nusu ya pili."

"Basi mimi na wewe tuna kazi moja."

"Mimi sipimi machungwa."

"Nami sipimi mioyo, lakini wangu umeruka sasa hivi. Hebu uhesabu."

"Huo hauna ugonjwa," alisema akichukua kikapu chake. "Huo una utundu."

Aliondoka akicheka. Lakini wiki iliyofuata mizani ya wodini ilipoanza kukwama na matroni akauliza nani anamjua fundi, Sista Dakika alijikuta ametaja jina la soko kabla hajamaliza kufikiri.

Fundi alikuja na kisanduku chake. Aliifungua mizani ile ya kusimamia, akaisafisha, akabadilisha chuma kilicholika, akaijaribu jiwe kwa jiwe mbele ya matroni. Ilipokuwa sawa aliigonga begani kama anayempongeza mwanafunzi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista, panda tuijaribu na mtu."

"Uzito wangu ukaujue kwa sababu gani?"

"Ili nijue nitakachobeba siku ya harusi."

"Mwanamume huyu hana aibu!" alisema, lakini alipanda. Mizani ikasoma kilo hamsini na saba. Tangu siku ile akaitwa Hamsini na Saba, na simu zao zikawa ndefu.

"Hamsini na Saba wangu, umekula?"

"Nimekula. Sasa ni hamsini na nane, usinibane kwa jina la zamani."

"Ongeza tu, mpenzi. Mabega ninayo."

Walipendana hivyo miezi minne. Mwezi wa tano, mama yake fundi alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi tatu. Akalazwa katika wodi ileile, kitanda cha dirishani.

Sista Dakika alimpokea kwa heshima zote. Alimketisha ameegemea mito miwili, akahesabu mapigo yake dakika nzima, akasikiliza anavyovuta pumzi, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale, hakikujaa upesi.

"Mama, moyo wako umechoka kusukuma," alimweleza. "Ukichoka, maji yanabaki mwilini. Kwanza miguuni, halafu yanapanda kifuani. Hatuyaoni yakiingia, ndiyo maana tutakupima uzito kila asubuhi. Ukishatoka msalani, kabla ya chai, ukiwa na gauni hilihili. Uzito ukiruka ghafla, si mafuta hayo, ni maji. Daktari ataongeza dawa ya kuyatoa."

"Kwa hiyo kunenepa kwangu kote mmekugeuza maji," mama alisema. "Mngeniambia mapema nisingejisifu." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Na wewe ndiye Hamsini na Saba? Ukuta wa chumba cha mwanangu ni mwembamba, mwanangu. Nimewasikia."

Muuguzi alitamani sakafu ifunguke. Mama alicheka hadi akakohoa.

Siku sita mambo yalikwenda vizuri. Uvimbe ulipungua, uzito ukashuka hadi kilo sitini na moja na gramu mia nne. Asubuhi ya saba fundi alikuwa anasafiri siku tatu kwenda kurekebisha mizani za maghala ya pamba. Alisimama getini mwa hospitali na mkoba wake, gari likimngoja, akapiga simu.

"Nishuke dakika moja tu nikuone?" muuguzi aliuliza. "Bado sijampima mama."

"Dereva ameshawasha. Hamsini na Saba, siku tatu ni nyingi."

Mama, aliyekuwa anajinyoosha kitandani, alimpungia mkono. "Nenda, mwanangu. Mimi na mizani hatukimbii."

Alishuka mbio. Getini walishikana mikono, wakaambiana maneno ambayo hayana maana kwa mtu mwingine yeyote. Aliporudi, chai ilikuwa imeshanywewa na daktari alikuwa anaingia mlangoni. Kumpima mama wakati ule kungekuwa kupima na chai yake, na kukubali kwamba amechelewa. Kalamu ilikuwa mkononi. Aliandika uzito wa jana: sitini na moja na mia nne.

Asubuhi ya nane simu ililia saa ileile ya kupima. Fundi alikuwa anaelezea kitanda cha nyumba ya wageni kilichopinda kama mtumbwi, naye akacheka sana, akazunguka wodi na simu begani. Mama alikuwa amelala juu ya mito mitatu, si miwili. Aliiona mito ile. Akajiambia atauliza baadaye. Akaandika tena: sitini na moja na mia nne. Daktari alisoma karatasi, akaona uzito haujasogea, akaacha dawa kama ilivyo.

Asubuhi ya tisa alipoingia zamu, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imening'inia, akipigania pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka mtoni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Muuguzi wa zamu iliyotangulia alikuwa anamfunga kinyago cha oksijeni. Mikono ya Sista Dakika ilifanya kazi yenyewe: kumshikilia wima, kutafuta mshipa, kuingiza sindano ya kutoa maji, kupima mkojo kila unapotoka. Ilichukua asubuhi nzima mama aweze kusema neno. Walipofaulu kumsimamisha kwenye mizani, ilisoma kilo sitini na nne na gramu mia moja.

Daktari aliichukua karatasi. "Sitini na moja na mia nne, mara tatu mfululizo, halafu sitini na nne? Mizani hii ilikuwa imekwama!"

"Ilitengenezwa na fundi wa sokoni," matroni alisema. "Kosa langu kumwamini."

Sista Dakika alifungua mdomo. Wote wawili walimtazama, wakisubiri. Aliufunga.

Fundi alirudi siku ile jioni, vumbi la safari bado kwenye viatu. Alimbusu mama yake mkononi, kisha akaomba kuiona karatasi. Aliikazia macho muda mrefu.

"Mwili wa mtu hausomi namba moja siku tatu," alisema. "Mshale uliganda. Chuma nilichokibadilisha, nilikikaza mno." Akaketi kwenye benchi la ukumbini. "Nimemzamisha mama yangu kwa mikono yangu."

"Usiseme hivyo," muuguzi alinong'ona.

"Niseme vipi?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Alimshika bega, akamletea maji ya kunywa, akafanya kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Tangu siku ile simu ya fundi haikuita. Muuguzi alipopiga, alijibiwa kwa ufupi.

"Mpenzi, hujambo?"

"Sijambo."

"Mbona huji kuniona? Unaingia wodini nikitoka zamu."

"Sistahili kukutazama, sista. Wewe unaokoa, mimi naharibu. Tafuta mtu ambaye mkono wake hautetemeki."

Hakumwita tena Hamsini na Saba. Muuguzi akasikia kwamba fundi amefunga karakana yake. Wafanyabiashara waliokwenda kuchukua mizani zao walirudishiwa bila kutengenezwa. Alikuwa anawaambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba kazi ile imemshinda.

Sista Dakika aliendelea kuhesabu mapigo ya wagonjwa. Lakini alipofika sekunde ya arobaini macho yalikuwa yanajaa, hesabu inampotea, anaanza upya. Mgonjwa mmoja alimuuliza kama moyo wake una shida kubwa kiasi hicho. "Hapana, baba," alimjibu. "Wako ni mzima."

Siku ya tisa tangu mkasa ule, alikuwa anambonyeza mama kifundo cha mguu. Hakikubaki kishimo.

"Mwanangu," mama alisema akitazama dirishani, "asubuhi zile mbili sikupanda mizani."

Kidole cha muuguzi kilibaki pale pale.

"Nimenyamaza kwa sababu ni mimi niliyekwambia nenda. Na mito ile nilijiongezea kimyakimya, nisiwaharibie furaha. Nami nina sehemu yangu. Lakini mwanangu hali chakula. Anakaa gizani mchana anagusa mawe yake moja moja. Mimi ningeweza kumwambia. Nimekuachia wewe, kwa kuwa mkwe niliyemsikia ukutani hakuwa mwoga."

Muuguzi alimfunika miguu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa matroni, akasimama.

"Mizani haikukwama. Sikupima. Niliandika uzito wa jana, mara mbili."

Matroni alivua miwani. Alikuwa mwanamke mkali, lakini siku hiyo sauti yake haikupanda. "Wewe? Dakika nzima?"

"Mimi."

"Kusahau kupima ningekuelewa. Kuandika usichokiona, hapana." Akaivuta karatasi. "Utapewa onyo la maandishi, na kuanzia kesho uko wodi nyingine chini ya msimamizi. Na uelewe kwa nini: kwa siku tisa nimewazuia wauguzi wangu wasitumie mizani nzima."

Alitoka pale, hakubadilisha hata sare. Karakana ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko, mlango umefunguliwa nusu. Fundi alikuwa kwenye stuli, ndevu zimeota ovyo, shati la kijivu lilelile.

"Mama?" aliinuka kwa hofu.

"Mama hajambo. Nimekuja kwa ajili ya mizani yako." Alibaki mlangoni, hakuthubutu kuketi. "Haikuganda. Siku uliyosafiri nilishuka getini kukuaga, sikumpima. Siku ya pili nilikuwa nacheka nawe kwenye simu. Namba zile nimezitunga mimi."

Nje mtu alikuwa akinadi mayai.

"Siku ngapi zimepita?" fundi aliuliza.

"Tisa."

"Siku tisa umeniona nikijiita muuaji wa mama yangu. Ukaniletea maji ya kunywa."

"Ndiyo."

"Kukosea ningeweza kusamehe jioni ileile niliporudi. Kosa lenyewe tulilifanya wawili. Lakini siku tisa, sista! Nenda. Tafadhali nenda nisije nikasema neno."

Alikwenda. Hakulia njiani, alisubiri afike kwake.

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani, na fundi akamnunulia mizani. Karakana ilifunguliwa tena. Wiki tatu zikapita bila simu. Katika wodi mpya Sista Dakika alipima kila mgonjwa na msimamizi akiwa begani kwake, akaandika alichokiona tu, naye hakuona uonevu wowote katika hilo.

Kisha asubuhi moja, mapema, simu ikalia.

"Mama ameongezeka kilo moja na gramu mia mbili tangu jana," fundi alisema bila salamu. "Nifanye nini?"

"Umempima kabla ya chai? Gauni lilelile?"

"Mara tatu. Nimeijaribu mizani kwa mawe yangu pia."

"Amelalia mito mingapi?"

"Miwili. Anapumua vizuri. Miguu imejaa kidogo."

"Mlete kliniki sasa hivi, usisubiri. Nitamwambia daktari unakuja. Amekula nini jana?"

Sauti ya mama ikasikika kwa mbali: "Mwambie karanga! Za chumvi! Mfuko mzima, na nilikuwa nimeuficha chini ya godoro!"

Muuguzi alicheka bila kutaka, na kule upande wa pili akasikia fundi naye akicheka, kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule.

Daktari aliongeza dawa, na adhuhuri mama alikuwa anarudi nyumbani akikemewa na mwanawe. Muuguzi aliwasindikiza hadi getini, palepale walipoagana siku ile. Wote wawili walipatambua mahali pale.

"Nilipoiona namba ile asubuhi," fundi alisema hatimaye, "nilikuwa na namba ya simu ya daktari. Mkono ukabonyeza yako."

"Kwa mazoea."

"Kwa imani. Hata mwenyewe nilikasirika kuona bado ninayo." Akahamisha mkoba wa mama kutoka bega hadi bega. "Mama anahitaji mtu wa kumpima kila asubuhi, kabla ya chai. Mtu huyo hawezi kuwa anatoka mbali. Inafaa awe ameamkia humohumo ndani."

"Mwanangu, huyo unamposa au unamwajiri?" mama aliuliza.

Sista Dakika hakucheka. Alikuwa anatazama kokoto za getini.

"Na nikikosea tena?"

"Utakosea," fundi alisema. "Nami nitakosea. Lakini utaniambia siku hiyohiyo."

Alishika kifundo cha mkono wake mwenyewe, kama anayehesabu dakika nzima.

"Siku hiyohiyo," alisema. "Basi nianze leo. Si hamsini na saba tena. Ni hamsini na mbili."

Fundi alimtazama mashavu yaliyoingia ndani, akaelewa wiki zile zimechukua nini. Akaushika mkono wake mbele ya watu wote wa getini, na kwa mkono wa pili akamshika mama yake, wakavuka barabara taratibu, kwa mwendo ambao moyo wa mama ungeuweza.