Kitu Kilichotafuna Kilo za Lidia

Haya yalimpata rafiki yangu Lidia, aliyenilelea mwanangu nilipolazwa. Alikuwa Mpanda akitengeneza programu ya simu ya kupimia dagaa. Kesho yake akina mama wauza dagaa wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, wangeijaribu; ikikosea, kazi angepewa mwingine. Namba ya kilo ilirukaruka, kwa sababu sehemu mbili za programu ziliiandika kwa wakati mmoja.

"Dada, ifunge hiyo namba kama kwa kufuli. Mmoja akiandika, mwenzie asubiri," mwenzake Ladislas alimwambia. "Hata chooni si tunapeana zamu?"

Lidia alicheka, akaifunga. Ladislas alipoondoka, akazizima sehemu zote mbili, pasiwe na kinachoandika, ahakikishe namba imetulia. Umeme ukakatika. Gizani akasikia kitu kikitafuna ndani ya simu, mdomo wazi, cha-cha-cha, na kila kilipotafuna namba ilipungua. Arobaini. Thelathini na tisa. Kioo kikajaa mate yenye magamba ya dagaa. Akayafuta kwa kanga. Hayakufutika. Yalikuwa upande wa ndani.