Gari la Uani kwa Fundi Msabah

Haya yalimfika mama yangu mdogo, Bi Zeyana, hapa hapa Mji Mkongwe. Mumewe, Fundi Msabah, alimjengea gari ndani ya ua wa nyumba yao. Chasisi kuukuu aliiingiza vipande vipande, mbavu akazichonga kwa mvule, bodi akaigonga kwa nyundo, bati baada ya bati, miaka kumi na moja. Kiti cha abiria alikipima kwa mwili wa mkewe: mgongo, mabega, hata urefu wa goti. Lilipokamilika, ikaonekana ni pana kuliko mlango.

Ikaombwa ruhusa ya kubomoa ukuta. Ofisi ya Mji Mkongwe ikajibu kwamba ukuta ni urithi wa dunia nzima, na gari halimo katika fomu. Msabah akafa akingoja fomu nyengine.

Bi Zeyana akakaa eda. Kila alasiri, akishasali, akiingia garini na kukaa kwenye kiti chake. Majirani wakasema mjane anatoka. Nikamuuliza Mwalim Kurwa wa msikitini.

"Gari lisilotoka ni kabati tu," akasema. "Mwacheni."

Basi akakaa kabatini. Lakini hali chakula, anakonda. Na mle ndani akizungumza, kisha akinyamaza, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

Mwezi wa nne wa eda akaja Bwana Nadir kutoka Maskati, mkusanyaji wa magari. Alilizunguka gari kavua viatu.

"Ya kiwandani yapo kama mikate," akasema. "Hili ni moja tu duniani, halijakanyaga barabara, na limeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja kama nguo. Kiti kile ndicho kinachonitia wazimu."

Alikuwa na fedha na, la maana zaidi, alikuwa na mtu ofisini. Kibali kikatoka kwa siku nne.

Ndugu zake Msabah walishaniachia niamue mimi. Mama mdogo akanishika mkono.

"Usiliuze, Usi," akanong'ona. "Ngoja nimalize eda. Kaniahidi atanichukua."

"Nani, mama?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa.

Nikatia saini. Nilidhani likiondoka gari, yeye atabaki.

Siku ya mwisho ya eda, alasiri, akaja Bi Bashira wa ofisini na faili lake, na wavunjaji wawili. Nilikuwa nawapa maji ukumbini niliposikia injini. Injini ile haikupata kutiwa mafuta hata siku moja. Ilinguruma kwa upole. Mlango wa gari ukafungwa. Kisha wa pili.

Nikakimbilia uani.

Ua mtupu. Ukuta mzima. Mama mdogo hayupo.

Bi Bashira akaupapasa ukuta kote, kama daktari.

"Mmelitoa kabla ya tarehe ya kibali?"

"Wapi pa kulitolea, dada?"

Akafikiri. Fomu yake ilikuwa na mahali pa ukuta uliovunjwa na mahali pa ukuta usiovunjwa. Gari lililotoweka halikutengewa mstari. Mwishowe akaandika kwamba hapakuwa na gari, akanipa kalamu. Nikatia saini tena.

Walipoondoka, nikampigia simu mama mdogo. Ikaita chumbani kwake, chini ya mto. Nikaichukua. Inaita, inatetema mkononi mwangu.

Huku sikioni ikapokewa.

"Naam."

Sauti ya Fundi Msabah. Nilimteremsha kaburini kwa mikono yangu hii.

"Mama... mama yupo?"

"Kalala. Kachoka."

Nikamwomba amwamshe, japo kidogo, nimwambie anisamehe. Akamsogezea simu. Nikasikia pumzi za mama mdogo, ndefu, za mtu aliyeshiba usingizi.

"Mwache, Usi," Fundi akanong'ona.

Ile ya mkononi bado inaita.

Simu zote mbili nnazo hadi leo. Ya mama mdogo inaonyesha nimepiga mara moja, haikupokewa. Yangu inaonyesha tulizungumza dakika mbili.