Harusi ya Kambale

"Usinifanye mjinga, Widad. Kanga umeivaa mwenyewe leo asubuhi, nimekuona kwa macho yangu."

"Nimeivaa wapi? Kanga hiyo ulitoka nayo Jumapili, niliifungia hotpoti la wali. Mkaenda nayo huko kwenye kuvua kwenu na hukurudi nayo. Naiuliza tangu juzi, kila siku unanipa jibu jipya."

"Ulikuwa unaanika nguo pale uani. Nimekusalimia, hukuitikia. Nikasema basi, bado kanuna."

Widad aliweka kikombe mezani polepole. "Haroub, leo sijaanika nguo. Maji yamekatika tangu jana, nifue kwa maji gani?"

Wote wawili wakageuka kutazama mlango wa uani. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Lakini chini yake sakafu ilikuwa imelowa, kama vile kuna kitu kilichoning'inizwa pale kikachuruzika kwa muda mrefu, na jua kali lote lile la Tegeta lilikuwa halijaikausha.

"Labda paka," alisema Haroub, na wote wawili walijua kwamba si paka.

Nyumba yao ilikuwa mpya, bado inanuka rangi. Haroub alikuwa na duka la vigae kando ya barabara ya Bagamoyo, na kila kigae cha nyumba ile alikichagua mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Widad alikuwa mtu wa Tanga. Wazazi wake wote wawili walikwishafariki, ndugu wa karibu hakuwa nao, na alipoolewa alimwambia Haroub kwamba sasa kwao ni hapa, hana kwingine. Kanga ile ya zambarau ilitoka kwenye doti ya mwisho aliyonunuliwa na mama yake. Kipande kimoja kilibaki kabatini. Cha pili ndicho kilichokwenda kuvua.

"Niambie mliifanyia nini," alisema Widad. "Ukweli."

Haroub akaanza kucheka kabla hajasema.

Walikwenda watatu: yeye, Hudhaifa anayeuza naye dukani, na jirani yao Godlisten, fundi wa madirisha ya alumini. Walikuwa wamenunua fimbo za kuvulia za kisasa, zile za kukunja, na hakuna aliyejua kuzitumia. Nyuma ya vilima vya Boko kuna shimo la zamani la kuchimba kokoto ambalo mvua za miaka zimelijaza likawa kama ziwa. Godlisten aliporusha ndoano mara ya kwanza, ilinasa kofia ya Hudhaifa na kuipeleka katikati ya maji. Mara ya pili alivuta kandambili ya mguu wa kushoto, akakataa kuhama pale mpaka apate na ya kulia. Hudhaifa anaogopa minyoo, kwa hiyo chambo chake kilikuwa vipande vya chapati, na samaki walikula chapati yote bila kuigusa ndoano.

Alasiri, fimbo ya Haroub ikapinda. Alitoka kambale mrefu kama mkono wa mtu mzima, mweusi, mwenye sharubu ndefu. Hakurukaruka. Walimlaza juu ya majani, akatulia anawatazama.

"Braza, huyu si wa kula," alisema Godlisten. "Huyu wa kuoa. Mwone alivyo mtulivu! Hana makelele, haombi vocha. Mke mwema huyu."

Ndipo wakamfunika kambale ile kanga ya Widad kama bibi harusi. Godlisten akajifanya baba wa binti. Hudhaifa, aliyesoma chuo cha Kurani utotoni na kuyakumbuka maneno, akakaa mkao wa shehe, akasoma hotuba, akamshika Haroub mkono, akamwozesha binti wa maji kwa mahari ya chapati moja. Haroub akaitikia kwa sauti kubwa: "Nimekubali kumuoa." Wakacheka mpaka Hudhaifa akalala chini. Kambale akapiga mkia mara moja tu, akateleza, akaingia majini na kanga yake.

"Ndiyo hivyo," alisema Haroub. "Nitakununulia doti nyingine, mama. Usinune."

Widad hakucheka. "Maneno ya ndoa mliyasema yote?"

"Mzaha tu."

"Ndoa haina mzaha, Haroub. Hata mtoto mdogo wa chuoni anaijua hiyo. Mtu akisema nimekubali, amekubali."

"Kwa samaki?"

"Unajuaje kama ni samaki?"

Godlisten alikuwa ameegesha simu kwenye jiwe, ikarekodi kila kitu. Widad akamwomba video, naye akaituma pamoja na vikatuni vingi vya kucheka. Widad aliitazama jikoni, amesimama. Aliwaona watu wazima watatu wakifanya upuuzi, akakaribia kutabasamu. Kisha Haroub akasema nimekubali, na nyuma ya vicheko vyao kikasikika kigelegele, cha mwanamke, kirefu, chenye furaha, kikitokea upande wa maji. Kule walikuwa wanaume peke yao. Widad akairudia video, akairudia tena, kisha akaenda kuketi barazani kwenye jua, kwa sababu jikoni ghafla palikuwa na baridi.

Baada ya hapo kazi zake zikaanza kufanywa na mtu mwingine.

Alikuta kitanda kimetandikwa. Alikuta vyombo vimeoshwa, vimepangwa kwa namna ambayo yeye hapangi, na kila sahani ina utando wa tope usioonekana ila ukiugusa kwa kidole. Alirudi sokoni akakuta wali umeshapikwa, Haroub anakula, anausifu. Alipouonja haukuwa na chumvi hata chembe.

"Nani kakupakulia?"

Haroub alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si wewe?"

Hudhaifa alipokutana naye njiani alimlalamikia. "Shemeji, siku hizi una maringo. Jana umemletea mumeo chai dukani, nakusalimia, unapita tu kama hunioni. Halafu ulikuwa umelowa vile, nikasema labda kule kwenu mvua imenyesha."

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Kanga ya zambarau."

Widad aligeuka pale pale. Aliondoka akitembea haraka, na alipofika nyumbani alifungua kabati, akakitoa kile kipande cha kanga kilichobaki, akakichoma moto uani, huku akilia kwa sababu kilikuwa cha mama yake. Kilikataa kushika moto vizuri. Kilitoa moshi tu, na moshi ule ulinuka samaki.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, alikuwa akikata vitunguu jikoni na Haroub alikuwa sebuleni, na akamsikia mumewe akizungumza kwa sauti ya chini, sauti ile ambayo mume huzungumza na mkewe tu wakiwa peke yao, yeye akadhani anazungumza na simu, mpaka akasikia anajibiwa, na sauti inayomjibu ilikuwa yake mwenyewe, Widad, pamoja na kile kicheko chake kidogo cha puani ambacho watu wa Tanga walikuwa wakimtania nacho, ikisema, "Mie nakusubiri wewe tu, mume wangu, yule mwingine atachoka," na kisu kikamponyoka, akatembea kwenye korido, akasukuma pazia, akamkuta Haroub amekaa amenyoosha mkono juu ya kiti cha pembeni kama aliyeshika mkono wa mtu, na kiti chenyewe ni kitupu, kimelowa, maji yanadondoka kutoka kwenye mto wake hadi kwenye vigae.

Haroub alimtazama yeye, akatazama kiti. Midomo yake ikawa myeupe.

"Widad," alinong'ona. "Sasa hivi ulikuwa hapa. Nilikuwa nimekushika."

"Nilikuwa jikoni."

"Mkono wako ulikuwa na baridi. Nikafikiri umetoka kuosha vyombo."

Hudhaifa ndiye aliyemleta Ustadh Abdulsamad kutoka Mbagala, kwa aibu, bila kumwangalia Widad usoni. Godlisten alikuja pia. Hakutania. Alikaa karibu na mlango, kofia mkononi.

"Shikamoo, Ustadh," alisema Widad.

"Marahaba, mwanangu." Ustadh alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, anayesoma visomo kwa watu wenye mashetani. Alisikiliza yote, akaomba kuiona video, na kile kigelegele kilipopita akaizima simu yeye mwenyewe.

"Kwetu sisi hiyo si ndoa," alisema. "Samaki hana walii wa kumwozesha, na baba wa bibi harusi hapa ni Mkristo." Godlisten akainamisha kichwa. "Lakini wenzetu hawafuati vitabu vyetu. Wao wamesikia mwanamume amesema nimekubali. Sasa binti yao anadai zamu yake, kama mke mwenza yeyote. Na huyu hataki kugawana."

"Anataka nini?" aliuliza Widad.

"Anataka nyumba, mwanangu. Nyumba na mwenye nyumba."

"Anaondokaje?"

"Kama alivyoingia. Kaingia kwa maneno, atoke kwa maneno. Haroub amwache, talaka tatu, usoni kwake, na mashahidi wawepo. Mke aliyeachwa na mumewe hakai, hata akiwa jini."

Walipanga iwe baada ya alasiri. Widad aingie chumbani, afunge mlango, asitoke mpaka aitwe. Haroub akae sebuleni, Ustadh asome. Atakayetokea, Haroub aseme naye.

"Nitamjuaje?" Haroub aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Anafanana naye kila kitu."

"Wa maji hafichi maji," alisema Ustadh. "Utamwona amelowa. Utasikia harufu. Usimwonee huruma, usimsikilize. Atakuambia yeye ndiye mkeo."

Widad alimshika mumewe mkono kabla ya kuingia ndani. "Unijue, Haroub."

"Nitakujua. Nitakosaje kukujua?"

Chumbani alikaa kitandani, akasikia kisomo kinaanza, kinapanda, kinashuka. Kisha akasikia kitu kingine, karibu zaidi. Kwenye bafu la chumbani karo ilikuwa inakoroma. Maji yalikuwa bado yamekatika mtaa mzima, lakini karo ilikuwa inakoroma na kupumua, na chini ya mlango wa bafu maji meusi yakaanza kutambaa juu ya vigae vyeupe alivyochaguliwa na mumewe, yakaja na tope na harufu ya shimo, na alipopandisha miguu kitandani aliona kitanda nacho kinanyonya maji kutoka chini, shuka inalowa, godoro linalowa, gauni lake linalowa hadi kiunoni, akajiziba mdomo asipige kelele kwa sababu aliambiwa asitoke mpaka aitwe, akajiziba mdomo akahesabu pumzi, akamwomba Mungu aitwe, aitwe upesi, na ndipo akaitwa.

"Widad! Njoo, mama. Imekwisha."

Ilikuwa sauti ya Haroub, imejaa furaha. Akafungua mlango akakimbia.

Sebuleni wanaume wanne walikuwa wamekaa kimya, na akaona nyusoni mwao kwamba hakuna aliyekuwa amemwita. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye gauni mpaka kwenye zulia. Harufu ya tope ikajaa chumba. Hudhaifa akaziba pua. Haroub akasimama.

"Haroub, ni mimi. Umeniita. Kule chumbani maji yame—"

"Ustadh alisema utasema hivyo."

"Nitazame! Haroub, nitazame usoni!"

Haroub akafumba macho kwa nguvu. "Nimekuacha," alisema. "Nimekuacha. Nimekuacha. Talaka tatu."

Mlango wa chumbani ukafunguka taratibu, akatoka Widad. Alikuwa mkavu, nywele zimefungwa vizuri, ananukia udi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni. Akasema, "Alhamdulillahi, mume wangu," na Haroub akamwangukia begani, akalia kwa sauti kama mtu aliyetolewa kaburini.

Aliyelowa alisimama pale pale. Alimgeukia Ustadh. "Nenda kaangalie chumbani," alisema. "Tafadhali. Nenda uone maji."

Godlisten ndiye aliyekwenda. Alirudi, akasema kwa sauti ndogo kwamba chumba ni kikavu, na kitanda kimetandikwa.

Ustadh Abdulsamad alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Jasho lilikuwa linamtoka. Alimsogelea yule aliyelowa, akamgusa kiganja, na kiganja kilikuwa cha moto, cha mtu mwenye damu na hofu. Akauachia mkono ule haraka. Akamtazama Haroub pale alipokuwa amejificha shingoni mwa yule mkavu, ambaye naye alikuwa anamtazama Ustadh juu ya bega, bila kupepesa, anatabasamu kidogo.

"Ustadh, sema," Widad alimsihi. "Umejua. Sema basi."

"Talaka imetoka," alisema Ustadh, akiokota msahafu wake. "Mashahidi wamesikia. Mie sina uwezo wa kuirudisha." Akatoka haraka bila kuaga, na Hudhaifa akamfuata. Godlisten naye akatoka mbio, akaacha kofia yake chini.

Haroub alimsukuma Widad mpaka nje kwa ncha ya fagio, akilia, akisoma dua, asitake ngozi yake imguse. Mlango ukafungwa. Jua lilikuwa linazama nyuma ya nyumba ambazo hazijaisha, na watu walikuwa wanarudi kutoka kazini, wanampita, wanaona mwanamke amelowa tope anagonga mlango wa watu. Hakuna aliyesimama. Aligonga mpaka vidole vikatoka damu. Aliita jina la mumewe, akamwambia mambo ambayo mke tu anayajua, na kila alilolisema alilisikia huko ndani likirudiwa taratibu kwa sauti yake mwenyewe, na Haroub akiitikia, "Ndiyo, mke wangu. Nakumbuka."

Hatimaye komeo likatoka. Mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja, na uso ulikuwa wake. Ulimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ombaomba.

"Nenda tu, dada," ulisema. "Mume wangu anaogopa ukisimama hapo."