Vidonge vya Kifungo

Kila siku akitoka shule, Kifungo alivua sare, akala, kisha akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha kushonea, kopo la vifungo mapajani. Kazi yake ilikuwa kupachika vifungo kwenye mashati ya shule: sita mbele na kimoja kwa kila mkono. Alikuwa na jina jingine kwenye daftari la mahudhurio, lakini nyumbani hakuna aliyelikumbuka. Alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja, familia nzima ikakaa siku mbili ikikisubiri kitoke. Tangu hapo akawa Kifungo.

Chumba kilikuwa na vyerehani viwili. Kimoja kilikuwa cha mama yake. Cha pili kilikuwa cha shangazi yake, dada yake baba, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa dirisha, aliyevaa soksi nene ya kubana kwenye mguu wa kushoto hata siku za joto kali. Baba alikuwa dereva wa lori na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Katika nyumba hiyo kila kitu kiligawanwa. Mkasi ulikuwa wa wote, kitana cha wote, na kandambili zilikuwa za aliyewahi kuzivaa. "Kutoa ni moyo," mama alipenda kusema, na aliyemnyima mwenzake kitu alitazamwa kama mwizi.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha Kifungo peke yake, nacho ni vidonge vyake. Tangu avunje ungo, hedhi yake ilikuwa nzito kupita kiasi. Ilikaa siku nane, wakati mwingine tisa, na taulo moja haikumaliza hata saa mbili. Alikosa shule, akapauka, na asubuhi moja akaanguka mstarini mbele ya darasa zima. Daktari alimpima damu, akamuuliza yeye na mama yake maswali mengi, akamwandikia vidonge vya kupunguza kutoka kwa damu na vingine vya kuiongeza mwilini. Mfamasia akaandika juu ya boksi la vile vya kwanza kwa herufi kubwa: viwili, mara tatu kwa siku, damu ikishaanza, usizidishe siku nne. Akawapa na karatasi ya maelezo. Kifungo alishika hesabu. Karatasi akaikunja na kuitia ndani ya boksi bila kuisoma. Vidonge vikamsaidia kweli. Kwa miezi mitatu hakukosa shule hata siku moja.

Wiki ile walikuwa na oda ya mashati mia moja na ishirini ya shule jirani iliyobadilisha rangi ya sare. Yalitakiwa Ijumaa. Jumanne alasiri shangazi alimwita Kifungo chumbani, akarudisha mlango.

"Mwanangu, mwenzio yamenifika," alinong'ona. "Damu inatoka kama bomba limepasuka. Hebu nigawie vile vidonge vyako."

"Lakini shangazi, daktari aliniandikia mimi."

"Damu ni damu. Kwani yako ya kijani?"

Kifungo alicheka bila kutaka. "Si uende hospitali?"

"Nikakae foleni kutwa nzima, mashati yajishone yenyewe? Na mama yako usimwambie. Wifi yangu namjua, atanifungia cherehani. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, shangazi."

Akampa kadi nzima ya vidonge kumi. Moyoni alijiona mtu mkubwa: leo ametoa kitu ambacho hata mama hana.

Jumatano damu ya shangazi ilipungua. Aliimba, akakanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jioni, akiinuka tu kwenda kula. Kifungo alimkonyeza, naye akajibu kwa kukonyeza macho yote mawili, maana kukonyeza moja peke yake kulimshinda tangu utotoni.

Alhamisi hakuimba. Kifungo aliporudi kutoka shule aliikuta ile soksi ya kubana imetupwa sakafuni, na shangazi amenyoosha mguu akiusugua. Shavu la mguu lilikuwa limevimba, likawa jekundu na kung'aa.

"Wifi, mguu una nini?" mama aliuliza huku akikata kola.

"Kukaa sana tu. Utatulia."

Sindano ilimchoma Kifungo kidoleni. Aliweka shati chini, akaenda chumbani, akatoa boksi lake na kuikunjua ile karatasi. Safari hii aliisoma mstari kwa mstari. Ilisema: *Usitumie dawa hii bila kumwambia daktari kama umewahi kupata bonge la damu mguuni, kwenye mapafu au kichwani. Mguu ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata, acha dawa na uende hospitali mara moja. Usimpe mtu mwingine dawa hii, hata kama dalili zenu zinafanana.* Sentensi ya mwisho mfamasia alikuwa ameipigia mstari mara mbili kwa kalamu.

Alirudi ameishika mkononi. "Shangazi, ile soksi unavaa ya nini?"

"Ya mguu huu huu korofi. Nilipomzaa binamu yako mdogo damu iliganda humu ndani, nikalala hospitali wiki mbili. Mambo ya zamani hayo. Lete vifungo."

Kifungo hakuleta vifungo. Shangazi alimtazama, akatikisa kichwa polepole kumkumbusha ahadi yao. Kifungo aliogopa. Aliogopa kumkosea shangazi, aliogopa mama, lakini ule mguu aliuogopa zaidi.

"Mama," alisema, "nilimpa shangazi vidonge vyangu."

Mama aliweka mkasi chini.

"Kifungo!" shangazi alifoka. "Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, shangazi. Lakini karatasi inasema unaweza kuwa na bonge la damu mguuni!" Akaangua kilio.

Mama aliisoma karatasi mara mbili, midomo ikicheza. Hakupiga kelele. Alivua futi ya kupimia shingoni na kuining'iniza msumarini.

"Wifi, jikaze. Naita gari la kutupeleka."

"Na mashati arobaini yaliyobaki?"

"Mashati hayana watoto, wewe unao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe binti, chukua boksi, karatasi na kadi aliyotumia. Daktari atataka kuviona."

Hospitalini daktari wa zamu, dada mwembamba mwenye miwani, aliuliza shangazi alimeza vidonge vingapi.

"Viwili vitatu hivi," shangazi alisema.

"Vinane, daktari," Kifungo alisema, akamwonyesha kadi. "Vilikuwa kumi, vimebaki viwili. Alianza juzi alasiri."

"Umenisaidia sana," daktari alisema, akaandika. "Mtu akinipunguzia hesabu, ananipoteza njia."

Walimpima mguu kwa mashine, kisha tumbo. Baada ya saa nzima daktari aliwaita. Bonge la damu lilikuwapo kweli, kwenye mshipa wa mguu, na bahati njema halikuwa limesafiri hadi mapafuni, ambako lingeweza kuua. Tena, damu ya shangazi ilikuwa na sababu yake: uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Ugonjwa wa Kifungo haukuwa wake hata kidogo.

"Siwezi kusema ni vidonge peke yake," daktari alieleza. "Kukaa kutwa kwenye cherehani nako kumechangia. Lakini dawa hii inazuia bonge la damu lisiyeyuke. Kwa binti huyu ni msaada. Kwa mtu ambaye damu yake imewahi kuganda mguuni, ni hatari. Sasa tunampa dawa ya kuzuia bonge lisikue, nayo inaweza kumwongezea kutokwa damu. Ndiyo maana analala hapa tumwangalie."

"Na mimi niache zangu?" Kifungo aliuliza.

Daktari alimgeukia mama. "Mlipoulizwa kama kuna aliyewahi kuganda damu kwenye ukoo, mlijibuje?"

Mama aliinamisha kichwa. "Nilisema hakuna. Nilihesabu upande wangu tu."

Daktari aliandika hilo kwenye faili la Kifungo, akamwagiza asimeze kidonge kingine hadi daktari wake amwone. Wiki iliyofuata daktari wake alimpima na kuuliza upya, akamruhusu kuendelea, kwa kiasi kilekile na siku zilezile. Mashati nayo yalichelewa siku tano. Mwalimu mkuu wa shule jirani alinung'unika, kisha akasubiri.

Siku ya sita tangu shangazi alazwe, mama na Kifungo walikwenda wodini. Uvimbe wa mguu ulikuwa umepungua, na shangazi alikuwa ameketi kitandani, nesi ametoka kumwekea vidonge vyake vya mchana mezani.

"Msaliti wangu huyu kaja," alisema shangazi. Kifungo alitazama chini. "Njoo hapa, mwanangu. Nikumbatie. Mimi mtu mzima nilikutwisha siri ambayo ingenizika. Siku nyingine mtu akikuambia ufiche maradhi yake, hata akiwa mimi, nenda kaseme."

Kabla Kifungo hajajibu, mgonjwa wa kitanda cha pili alinyoosha mkono. "Jirani, hivyo si vya maumivu? Nigawie kimoja, mgongo unaniua."

Mkono wa shangazi, ambao katika maisha yake haukuwahi kumnyima mtu, ulikwenda mezani wenyewe. Ulifika kwenye vidonge, ukasimama.

"Dada yangu," alisema, "ningekuwa na mkate ningekukatia nusu. Hivi siwezi. Mimi kabla ya kupewa nimeulizwa maisha yangu yote, na wewe hakuna aliyekuuliza. Dawa ya mwenzio si msaada mpaka anayejua aseme ni yako." Akamgeukia Kifungo. "Haraka, mwanangu, kamwite nesi."