Rungu la Kanuni ya Saba

Jumamosi ile Mutugi aliomba aletewe maji ya kunywa, na bomba lilikuwa hatua nne tu kutoka mlango wa karakana yake ya useremala.

"Miguu umemkopesha nani?" dada yake Kaari akamtania, lakini akamletea kikombe. Mutugi alikunywa akiwa amesimama ndani ya kizingiti, na hakunyoosha hata kidole nje.

Kaari, mwalimu wa sekondari hapo Nkubu, hakulitia maanani. Akili yake ilikuwa kwenye mchezo. Kila Jumamosi mchana yeye, Mutugi na rafiki yao Ndambiri, karani kutoka Embu, walikaa kwenye meza ya kupigia randa wakicheza mchezo wa dadu na karatasi. Kila mmoja alikuwa na shujaa wake wa kubuni, na Kaari ndiye aliyetunga vita, mazimwi na sheria. Watu wazima, ndiyo, na anayetaka kucheka acheke. Mwezi huo alikuwa ametunga kanuni za kuunda silaha za mbao. Shujaa achague mti, arushe dadu kujua siku za kuukausha, arushe tena kujua kama upinde utapindika au utavunjika. Mbao mbichi, nguvu moja, zilizokauka, tano.

Kanuni ya saba aliichukua kwa marehemu nyanya yao. Ukifyeka msitu, bakiza mti mmoja mkubwa, ili wakaaji, roho wa miti iliyokatwa, wahamie humo. Ukitaka kuukata na huo, kwanza egemeza kijiti chake kwenye mti mwingine, wahame. Asiyewahamisha hatoki tena penye mbao za mti huo. Nyanya alisema mti mwingine. Kaari, kwa kupenda kuremba, aliandika "chochote kilicho hai na kilichosimama".

Ili mchezo unoge, Mutugi alikuwa amechonga dadu tatu na rungu la kuweka mezani.

Ndambiri akarusha dadu. Moja, moja, moja. Akarusha tena, zikaja zile zile. Kisha harufu ya mti uliokatwa sasa hivi, mbichi, yenye utomvu, ikajaa karakana, na hakukuwa na mbao mbichi humo.

"Mutugi," Kaari akauliza polepole, "hizi dadu ni za mti gani?"

Mutugi akatazama chini. "Ule wa shamba. Ule ulibaki peke yake."

"Ule wa nyanya? Na hukuwahamisha?"

"Si hayo ni mambo ya mchezo wako, dada? Mimi nilitaka tu mbao mzuri." Akaonyesha rungu mezani. "Nilimaliza hilo rungu jana jioni. Tangu hapo siwezi kutoka. Nimejaribu mlango, nimejaribu dirisha. Mtoto ana wiki tatu, na Phyllis akipiga simu namwambia niko na kazi mingi."

Ndambiri akacheka kicheko cha kujipa moyo, akamshika mkono ili amvute nje, na hapo ndipo shoka likasikika, ko, ko, likitoka ndani ya mbao zenyewe, ndani ya meza na stuli na vitanda ambavyo havijakamilika, na kadiri walivyomvuta ndivyo lilivyozidi, hata Mutugi akapiga yowe kwamba nyayo zinachanika, nao walipotazama chini wakaona damu imechanganyika na utomvu mweupe kwenye sementi, wakamwachia, na shoka likanyamaza.

"Hii ni jini," Ndambiri akanong'ona. "Wacha niitane pasta." Akatoka mbio. Mlango haukumzuia.

Haungemzuia Kaari pia, na hilo lilimuuma. Alichukua rungu akaliegemeze kwenye mparachichi ulio karibu na bomba. Kizingitini likagoma hewani, kana kwamba limegonga ukuta. Akasukuma mpaka bega likamuuma, bure. Akakimbia kwa muuza miche barabarani, akarudi na mche wa mparachichi kwenye mfuko wake wa udongo, akausimamisha ndani na kuuegemezea rungu. Mche ukanyauka papo hapo, majani yote. Ulikuwa mdogo mno kwa wakaaji wa msitu mzima.

Simu ya Mutugi ikalia, ni mkewe Phyllis. Hakuipokea. Alikaa chini, mtu mzima mwenye mtoto, akalia bila kujificha, na Kaari akamhurumia kuliko alivyowahi kumhurumia mtu. Akafungua karatasi yake ya kanuni, akaisoma tena ile ya saba. Chochote kilicho hai na kilichosimama.

Akasimama wima. Akaegemeza rungu kifuani mwake.

"Dada, wacha!"

Harufu ikatoweka. Mutugi akajikuta nje, karibu na bomba, hajui alivyofika.

"Nenda kwa mtoto," Kaari akamwambia. "Mimi nakusanya karatasi zangu."

Saa kumi na moja Ndambiri akaja na pasta. Wakaomba kwa sauti kubwa, Kaari akaitikia amina, na hao wawili wakaenda zao wakishukuru kwamba yameisha.

Jumapili asubuhi Mutugi alipita karakana akielekea kanisani. Alimkuta Kaari pale pale, amesimama, rungu kifuani.

"Dada! Umelala hapa?"

"Niletee maji."

Akakimbia hatua nne hadi kwenye bomba, akarudi, akamwinulia kikombe mdomoni. Kaari akatikisa kichwa.

"Si huku juu, Mutugi," akasema kwa upole. "Nimwagie miguuni."